Viza ya Afya na Matunzo ya Uingereza: mwongozo kamili kwa muuguzi wa Afrika Mashariki

Tuanze na jambo ambalo madalali hawalisemi. Mlango wa kazi ya matunzo, ile ya kuhudumia wazee na walemavu majumbani au kwenye nyumba za wazee, umefungwa kwa mtu anayeomba akiwa nje ya Uingereza. Ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Kazi hizo, namba 6135 na 6136 kwenye orodha ya ajira ya serikali yao, zimebaki kwa watu walio tayari ndani ya nchi hiyo kihalali na waliokwisha kumfanyia kazi mwajiri anayewadhamini kwa angalau miezi 3, na wao pia mwisho wao ni 22 Julai 2028. Kwa hiyo ukiwa Tanga, Kisumu au Mbarara, na mtu anakuuzia "nafasi ya caregiver UK" kwa mamilioni, anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Waliobaki na njia ni wenye taaluma: wauguzi, wakunga, madaktari, wafamasia, wataalamu wa fiziotherapia na radiografia, maofisa ustawi wa jamii. Mwongozo huu unamfuata muuguzi. Kwa wengine kinachobadilika zaidi ni chombo cha usajili: daktari husajiliwa na GMC, mfamasia na GPhC, mtaalamu wa fiziotherapia au radiografia na HCPC, na ofisa ustawi wa jamii anayekwenda England na Social Work England. Sehemu kubwa ya viza yenyewe ni ileile kwa wote.

Viza hii ni tawi la viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, lakini ina nafuu kubwa. Kuanzia 9 Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 304 kwa muda usiozidi miaka 3 na pauni 590 kwa muda unaozidi hapo, na mwenye viza hii halipi ile tozo ya huduma za afya ambayo wahamiaji wengine hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka. Ada hupanda mara kwa mara, hivyo soma kiasi kilichoandikwa GOV.UK, tovuti ya serikali yao, siku unayolipa, usitegemee karatasi ya wakala.

Mpangilio ndio kila kitu

Watu wengi huanzia mwisho: wanatafuta viza kabla ya usajili, au wanapima kifua kikuu kabla ya kupata kazi, kisha vyeti vinawaishia mkononi. Kila karatasi ina umri wake. Matokeo ya Kiingereza na ya mtihani wa kompyuta wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, hudumu miaka 2. Cheti cha kifua kikuu miezi 6. Hati ya udhamini ya mwajiri miezi 3. Taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya siku ya kuomba. Ndiyo maana mpangilio salama ni huu: Kiingereza, kisha NMC na mtihani wa kompyuta, kisha kazi, kisha hati ya udhamini, na hapo tu ndipo kifua kikuu, cheti cha polisi na viza. Mtihani wa vitendo, OSCE, hufanyika ukiwa umeshafika.

Je, mafunzo yako yanakubalika?

NMC hawadai shahada. Muuguzi mwenye stashahada aliyesajiliwa kama muuguzi kamili anaweza kuomba. Wenye cheti cha uuguzi wa ngazi ya pili, wale ambao Kenya huitwa enrolled, hawana mahali kwenye daftari lao. Wamalize kwanza mafunzo ya kupanda ngazi hapa nyumbani. Hapa watu huchanganya: viza inataka kazi yenye hadhi ya shahada, na uuguzi umehesabiwa hivyo tayari. Kinachopimwa ni kazi. Karatasi yako ya stashahada haiangaliwi kwa kipimo hicho.

Jambo jingine la kwetu: Afrika Mashariki wengi husomea uuguzi na ukunga kwa pamoja. Uingereza hayo ni madaftari mawili tofauti, yenye mitihani tofauti. Chagua moja. Kama miaka yako ya karibuni umeitumia wodi ya upasuaji au ya magonjwa ya ndani, ingia kama muuguzi wa watu wazima. Ukunga uombe baadaye ukitaka.

Kiingereza

NMC hukubali mitihani miwili. IELTS Academic: 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, 6.5 kwenye kuandika, na wastani wa 7. Au OET ya uuguzi: 350 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, 300 kwenye kuandika. Kuwa umesoma uuguzi kwa Kiingereza Muhimbili au Nairobi hakutoshi peke yake. IELTS General haikubaliki hata ukipata 8.

Ukikosa sehemu moja kwa nusu alama, usikate tamaa. NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mara mbili yaliyopatikana ndani ya miezi 12, mradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu alama. Kwa muuguzi anayefanya kazi wodini, OET kwa kawaida ni rafiki zaidi, kwani sehemu ya kuandika ni barua ya kumkabidhi mgonjwa, kitu anachokijua. IELTS itakutaka uandike insha kuhusu usafiri wa mijini au ajira za vijana. Lakini OET ina mtego: usinakili taarifa zote za mgonjwa. Mtahini anataka uchague yale anayoyahitaji anayepokea mgonjwa, na uyaache mengine.

Habari njema ni kwamba ukishapita kwa NMC hufanyi mtihani mwingine wa Kiingereza kwa ajili ya viza. Kiwango cha Kiingereza cha viza kilipandishwa hadi B2, yaani ngazi ya juu kidogo ya kati, tarehe 8 Januari 2026, lakini muuguzi aliyepimwa na chombo chake cha usajili hadaiwi tena.

NMC: hatua na gharama

Fungua akaunti kwenye tovuti ya NMC na uanze maombi ya tathmini ya sifa. Ada ni pauni 140. Utaombwa pasi ya kusafiria, taarifa za chuo na usajili wako, na matokeo ya Kiingereza. Kisha baraza lako la nyumbani, yaani TNMC kwa Tanzania Bara au Nursing Council of Kenya kwa Kenya, lithibitishe usajili wako *moja kwa moja* kwa NMC. Uthibitisho ulioupeleka wewe mwenyewe haukubaliki. Hapa ndipo maombi hukaa miezi, na mara nyingi sababu ni ndogo: leseni ya mwaka haijahuishwa, ada ya uthibitisho haijalipwa, au barua pepe ya baraza imeenda kwenye anwani isiyo sahihi. Huisha leseni kwanza, lipia, kisha fuatilia kwa kupiga simu.

Majina ndiyo kero kubwa kuliko zote. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, cha chuo mawili, pasi ina jina la mume. Yanyooshe kabla ya kutuma chochote: amua kwamba pasi ndiyo jina lako rasmi, halafu andaa kiapo cha mahakamani au hati ya kubadili jina inayoyaunganisha majina yote. Tumia jina la pasi, herufi kwa herufi, unapojiandikisha kwa IELTS, OET na mtihani wa kompyuta.

Mtihani huo wa kompyuta, CBT, hufanyika kwenye vituo vya Pearson VUE na ni pauni 83 kwa sehemu zote mbili. Sehemu ya kwanza ni hesabu za dawa: maswali 15 kwa dakika 30, nawe unaandika jibu mwenyewe. Sehemu ya pili ni maswali 100 ya kuchagua kwa saa mbili na nusu. Wengi huidharau ile ya hesabu. Mfano wa kiwango chake: daktari ameandika miligramu 75, ampuli ina miligramu 50 kwenye mililita 2. Gawanya 75 kwa 50, zidisha kwa 2, jibu ni mililita 3. Mwingine: lita moja ya maji ya mshipa iingie kwa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, kwa hiyo matone 42 kwa dakika. Hesabu si ngumu. Watu huanguka kwa kusahau kugeuza gramu kuwa miligramu au saa kuwa dakika, na kwa kutosoma kama jibu linatakiwa namba nzima.

Asikudanganye mtu kwamba kuna kituo cha "kusaidiwa". Mwaka 2023 NMC iligundua udanganyifu katika kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, na hata watu waliokuwa tayari kazini Uingereza wakatakiwa kurudia mtihani au kujitetea.

Gharama nyingine za NMC huja baadaye: OSCE pauni 794 na kuingizwa kwenye daftari pauni 153. Jumla ya njia nzima ni pauni 1,170 bila Kiingereza, kama hujaanguka popote. Mwajiri mzuri hulipia OSCE, na wengine hurudisha hata pesa ya CBT.

Kutafuta kazi, na orodha nyekundu

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Uingereza inaziita nchi nyekundu, na kanuni yake inakataza waajiri na mawakala kuja kuwinda wahudumu huko. Kenya iko kwenye rangi ya kaharabu kutokana na makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 2021: kuajiri kwa makundi kunapita kwenye mpango huo tu.

Hii haimaanishi Mtanzania hawezi kwenda. Kilichokatazwa ni *kutafutwa*; mwenyewe kuomba kazi iliyotangazwa hadharani inaruhusiwa kabisa. Kwa hiyo wakala anayefanya semina ya kuajiri kwa ajili ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kwenye hoteli ya Dar es Salaam anavunja kanuni mbele ya macho yako, na huyo ndiye anayekuomba umwamini na pesa. Wewe nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya NHS Jobs, tafuta nafasi za Band 5, yaani daraja la mshahara la muuguzi aliyesajiliwa, na usome kama tangazo linasema wanadhamini viza.

Ukweli ni kwamba nafasi zimepungua sana tangu 2024. Hospitali nyingi zimefunga ajira za kimataifa. Fomu ya NHS ina sehemu ya maelezo binafsi, na waajiri huipa alama kwa kuilinganisha na orodha ya sifa iliyoambatishwa kwenye tangazo. Chukua orodha hiyo, jibu kila kipengele kwa mfano kutoka wodini kwako. Barua moja inayotumwa kila mahali haifiki popote. Kwenye usaili wa video tarajia swali la mgonjwa anayezidiwa, na hapo watataka kusikia NEWS2, mfumo wao wa kupima hatari kwa upumuaji, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo, fahamu na joto. Jumla ya 5 au 6 inahitaji tathmini ya haraka. 7 na kuendelea ni dharura. Ujue kabla hujakaa mbele ya kamera.

Ukipewa kazi, hakiki mwajiri kwenye daftari la wadhamini lililoko GOV.UK. Jina lifanane, na aina ya leseni iwe ya wafanyakazi wenye ujuzi, daraja A.

Hati ya udhamini

Hii, ambayo wengi huiita CoS, ni rekodi ya kompyuta yenye namba. Mwajiri atakutumia nakala. Isome mstari kwa mstari kabla ya kuomba viza. Namba ya kazi iwe ya uuguzi, kati ya 2232 na 2237, au 2231 kwa mkunga. Ukiona 6135, simama hapo. Tazama jina, namba ya pasi, tarehe ya kuanza, saa za kazi kwa wiki, na mshahara, ambao kwa kazi zilizo kwenye viwango vya kitaifa vya NHS usipungue pauni 25,000 kwa mwaka. Kwa mwaka 2025/26 Band 5 England ilianzia pauni 31,049. Kabla ya kupata usajili wengi huwekwa Band 4, ambayo mwaka huo ilianzia pauni 27,485. Tazama pia kama mwajiri amethibitisha kukugharimia mwezi wa kwanza. Kama hakuthibitisha, unatakiwa uwe na pauni 1,270 benki kwa siku 28 mfululizo, bila kushuka hata siku moja. Salio likigusa 1,265 kwa usiku mmoja, siku zinahesabiwa upya. Weka akiba ya ziada, kwa sababu thamani ya shilingi hubadilika.

Mwajiri hulipa pauni 525 kwa hati hiyo, na haruhusiwi kukudai wewe, wala tozo ya ujuzi ambayo serikali humtoza yeye, wala gharama za leseni yake. Akikudai, leseni yake iko hatarini. Anachoweza kuandika kwenye mkataba ni kwamba ukiondoka mapema utarudisha sehemu ya nauli, viza au OSCE. Kubali tu kama kiasi kimetajwa kwa tarakimu na kinapungua kadiri miezi inavyopita.

Kifua kikuu na cheti cha polisi

Mkaazi wa nchi zetu lazima apimwe kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, na orodha iko GOV.UK. X-ray ya hospitali yako haitumiki. Kama picha ina shaka utatakiwa kutoa makohozi yaoteshwe, na hilo linaweza kuchukua wiki 8. Aliyewahi kuugua TB apime mara tu anapopata hati ya udhamini, kwa kuwa wiki hizo zinakula miezi yake 3.

Cheti cha polisi kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Kenya unaomba kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, unachapa fomu ya C24 na kutoa alama za vidole. Tanzania kinatolewa na Jeshi la Polisi. Ugumu ni kwa waliofanya kazi Oman, Saudia au nchi nyingine za Ghuba, maana kukipata cha huko ukiwa umesharudi ni safari ndefu ya ubalozi. Kama bado uko Muscat, kichukue kabla hujarudi.

Kuomba viza

Jaza fomu GOV.UK, chagua tawi la afya na matunzo, weka namba ya udhamini, lipa, kisha panga siku ya kutoa alama za vidole na picha kwenye kituo cha maombi. Unaweza kuomba hadi miezi 3 kabla ya tarehe ya kuanza kazi, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Huduma za ziada ambazo kituo hukuuzia, za chumba maalumu na ujumbe wa simu, hazibadilishi uamuzi. Waache nazo.

Viza sasa ni ya kidijitali. Utafungua akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, na kuunganisha pasi yako. Ukibadilisha pasi baadaye, badilisha na humo, la sivyo utakwama uwanja wa ndege. Na usiweke karatasi ya uongo hata moja. Kukataliwa kwa kukosa hati unaweza kuomba tena kesho. Kukataliwa kwa udanganyifu kunaweza kukufungia miaka 10.

Muuguzi anaruhusiwa kwenda na mume au mke na watoto walio chini ya miaka 18. Nao hulipa ada ileile na hawalipi tozo ya afya. Wanahitaji pauni 285 kwa mwenza, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata. Kinachowashtua kina mama wengi: mama akienda na watoto huku baba anabaki Arusha, maombi ya watoto hukataliwa, isipokuwa aonyeshe kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi. Barua ya baba ya kuridhia peke yake haitoshi. Njia salama ni baba aombe pia.

OSCE na miezi ya mwanzo

Viza yako inakutaka ufanye OSCE kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi, na uwe umesajiliwa ndani ya miezi 8. Mtihani una vituo 10. Vinne ni vya kumpima mgonjwa, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Vinne ni vya ujuzi wa mikono. Viwili ni vya kuandika kimya kimya. Wauguzi wetu hawaanguki kwa kutojua kazi. Wanaanguka kwa kutoosha mikono mbele ya mtahini, kutosoma bangili ya mgonjwa na kumuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, kutouliza mzio kabla ya dawa, na kuacha karatasi bila tarehe, saa na sahihi. Mambo ambayo wodi yenye wagonjwa 60 na nesi wawili imekufundisha kuyaruka ndiyo hasa yanayotiwa alama. Sema kwa sauti kila unachofanya.

Kurudia vituo 7 au pungufu ni pauni 397. Zaidi ya hapo unalipa 794 upya. Una nafasi 3. Ukianguka ya tatu unasubiri miezi 6 ndipo uombe tena, na muda huo unakupitisha kwenye ile miezi 8 ya viza. Kwa hiyo usikubali kupelekwa kwenye jaribio la tatu bila mafunzo mapya, hata kama msimamizi ana haraka.

Kuhamia mwajiri mwingine kunahitaji hati mpya ya udhamini na maombi mapya ya viza, na usianze kazi mpya kabla ya kukubaliwa. Saa 20 za ziada kwa wiki kwa mwajiri mwingine zinaruhusiwa ikiwa kazi hiyo inastahili na bado unafanya ile uliyodhaminiwa. Kuhusu ukaazi wa kudumu, kipindi kilikuwa miaka 5, lakini mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kukifanya 10 kwa wengi. Fuatilia kanuni zilizopo siku unayotimiza sifa.

Mwajiri akipoteza leseni, Wizara ya Mambo ya Ndani huko hukuandikia na kwa kawaida hukupa siku 60 za kupata mdhamini mwingine. Barua hiyo hutumwa kwenye anwani na barua pepe walizonazo, kwa hiyo kila unapohama nyumba sasisha taarifa kwenye akaunti ya UKVI. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, uwe umeisoma au hujaisoma.